Muulize Shangazi Kalamu: Tuzo Apewe Nani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni katibu wa kamati ya tuzo katika chama chetu cha wanataaluma, ambacho huchapisha jarida. Kila mwaka tuzo ya utumishi humwendea mhariri mkuu au profesa fulani wa bodi. Safari hii nataka kumpendekeza mhariri msimamizi wa jarida, mama ambaye amekuwa akipokea miswada, kuwasaka wahakiki (wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapishwa) na kusoma prufu tangu wengi wetu hatujajiunga na chama. Wenzangu wananiambia yule ni mwajiriwa, shukrani yake ni mshahara. Niandikeje barua ya mapendekezo wakaikubali?
*Katibu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao wenzako wana nusu ya hoja, usiwabeze. Mshahara hulipia kazi iliyoandikwa kwenye mkataba. Na kukaa kazini miaka mingi peke yake si utumishi wa kutukuka; wapo wanaokaa kwa kuwa hawana pa kwenda. Barua yako ikiishia kusema kwamba mama huyu amedumu, watakushinda mapema. Waonyeshe alichofanya ambacho mkataba haukumdai.

Nimekaa kwenye kamati za namna hiyo, na barua nyingi zinazoletwa hufanana kama pacha: mchapakazi, mwadilifu, anayejituma, mwenye ushirikiano. Futa jina, weka la mweka hazina, na barua bado inafaa. Iliyonishika mimi haikujaza hata ukurasa. Ilieleza kuwa mwandishi mmoja alipendekeza wahakiki wa makala yake, na mhariri msimamizi akagundua kwamba mmoja wao ana anwani ya barua pepe ya bure, si ya chuo, tena jina limepungua herufi moja. Akamtafuta mhakiki mwenyewe kupitia idara yake. Bwana yule hakuwa na habari yoyote: mwandishi alikuwa amejifungulia anwani ili ajihakiki mwenyewe. Makala ikasimamishwa kwa kufuata miongozo ya COPE, ile kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa 1997, bila mtu kutukanwa wala kutangazwa. Kisha mhariri yule akaandika ukurasa mmoja wa maelekezo ya kukagua anwani za wahakiki, akakaa na wenzake wapya mpaka wakaielewa kazi.

Hicho kipande cha mwisho ndicho kilichomaliza ubishi kwenye kamati yetu. Kumnasa mdanganyifu ni umahiri wa kazi. Kuwaachia wengine njia ya kumnasa ni uongozi, hata kama aliyeiacha hana cheo cha kujivunia. Kwa hiyo, kabla hujaandika, zunguka ukaulize. Waulize waliofanya kazi chini yake aliwafundisha nini. Waulize waandishi kama kuna jedwali alilogundua kwamba hesabu zake hazijumuiki, au rejeo la makala isiyokuwepo. Uliza pia kinachotokea anapokwenda likizo. Jarida likisimama kabisa, hapo pana tatizo: yawezekana mama huyo ni hodari ila hajamrithisha mtu, na hilo liseme kwa ukweli, maana kamati itakuja kuligundua.

Kuhusu hoja ya nani ashindane na nani, vyama vingine vimeimaliza kwa kutenganisha tuzo. Society for Scholarly Publishing ya Marekani, jumuiya ya wanaochapisha kazi za kitaaluma iliyoundwa 1978, ina tuzo ya utumishi uliotukuka na ina nyingine ya viongozi chipukizi. Anayeanza hashindanishwi na mkongwe. Nyinyi mna tuzo moja mnayoivutia kila upande, ndiyo maana kila mwaka inaangukia kwa mwenye jina kubwa. Pendekezeni iwe na masharti yaliyoandikwa: ni kwa ajili ya nini, nani anastahili, nani haruhusiwi kupiga kura. (Mjumbe wa kamati kujipa tuzo! Nimeyaona.)

Wale wanaodhani mhariri ni karani tu, wakumbushe habari za Henry Oldenburg. Alianzisha jarida la *Philosophical Transactions* jijini London mwaka 1665 akiwa katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza. Yeye ndiye aliyeandikiana na wanasayansi wa nchi mbalimbali, akatafsiri, akapanga, tena gharama na faida za jarida zilikuwa juu yake mwenyewe. Mwaka 1667 akafungwa katika Mnara wa London, barua zake za ng'ambo zikiwa zimemtia mashakani. Uvumbuzi tunaousoma humo unabeba majina ya wavumbuzi, na ni haki yao. Ila bila yeye kuusukuma ungefikaje kwa wasomaji?

Hata leo mambo hayajabadilika sana. Mwaka 1997 Drummond Rennie, naibu mhariri wa jarida la kitabibu la *JAMA*, na wenzake walipendekeza kila mchangiaji wa makala atajwe pamoja na alichofanya. Wazo hilo ndilo lililokuja kukomaa katika orodha ya CRediT yenye majukumu 14, ambayo majarida mengi sasa huitumia. Ni hatua njema, lakini orodha hiyo ni ya waliofanya utafiti. Hata pale inapotaja uhariri, maana yake ni uhariri uliofanywa na watafiti wenyewe. Mama yenu hayumo. Mahali pake ni ule ukurasa wa mbele wenye majina ya bodi. Na kama jina lake na cheo chake havipo hapo, anzeni hapo kesho. Hilo halihitaji kura ya tuzo.

SWALI: Shangazi, tunataka kuwashukuru wahakiki wetu hadharani, lakini uhakiki wetu ni wa siri. Tufanyeje?
*Mhariri msaidizi*

JIBU: Chapisheni orodha ya majina mwisho wa mwaka bila kuyahusisha na makala yoyote, baada ya kumwomba kila mmoja ridhaa. Wenye akaunti ya ORCID, ile namba ya kumtambulisha mtafiti mtandaoni, wanaweza kuingiziwa kumbukumbu inayotaja jarida na mwaka tu. Angalizo: kama jarida lenu ni dogo na taaluma yenyewe ina watu wachache, orodha ya mwaka mmoja humfanya mwandishi aliyekataliwa kuanza kupiga ramli. Unganisheni miaka miwili. Na barua ya shukrani kwa mhakiki isiwe ile ile kwa wote. Mwambieni ni wapi maoni yake yaliinyoosha makala. Mstari mmoja unatosha.

SWALI: Nasahihisha lugha katika jarida la kitaaluma. Kuna tuzo ya wahariri chipukizi inayoruhusu mtu kujipendekeza mwenyewe. Naona aibu. Si wahenga walisema chema chajiuza?
*Mwenye haya*

JIBU: Chajiuza kikiwa kinaonekana, mwanangu. Kazi yako ikifanywa vizuri haionekani. Msomaji huona sentensi imenyooka na kumsifu mwandishi. Kama kanuni zinaruhusu, jaza fomu. Andika kazi mbili tatu ulizofanya na matokeo yake, usijipambe.

Ila usije ukaambatisha ukurasa wa mswada wenye masahihisho yako ili waone ulivyoutoa matopeni. Mswada ni siri ya mwandishi hadi utoke, na hata ukishatoka, makosa yake ya awali si yako kuyaonyesha. Omba ruhusa yake na ya mhariri wako kwa maandishi. Wakisita, mwombe mwandishi akuandikie mistari michache aseme mwenyewe ulimwokoa na nini.