Kumrekodi shahidi bila kumhatarisha

Ndugu, nimekuelewa: unataka kumhoji hapa Arusha manusura wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, naye amekubali mradi uso wake usionekane.

Usitegemee kuuziba uso wakati wa kuhariri, kwa sababu picha halisi itabaki kwenye kadi ya kamera. Mketishe tangu mwanzo akiwa ameligeuzia dirisha mgongo ili abaki kivuli, kisha ukague mikono na pete. Niliwahi kufuta mahojiano mazima kwa ajili ya kovu la kidole ambalo jirani yeyote angelitambua.

Kama alitoa ushahidi kwa jina la siri katika mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji hayo, iliyofungwa hapa mwaka 2015, amri za kumlinda bado zina nguvu, hivyo mwone wakili na uulize kwenye chombo kilichorithi kazi za mahakama hiyo, kilichoko eneo la Lakilaki hapa Arusha, kabla ya kurekodi chochote.