Tuchukue Laravel, Spring au Node.js?

SWALI: Habari za kazi. Tuko watatu, mimi na mwenzangu tumezoea PHP miaka mingi, wa tatu ni kijana katoka chuo juzi tu anajua Java. Tumepata kazi ya kutengeneza mfumo wa kliniki wa kupanga miadi ya wagonjwa na madaktari, sasa kila tukikaa ni ubishi, sisi tunataka Laravel ya PHP, dogo anasema Spring ya Java, halafu mimi nimesikia Node.js ya JavaScript ndo ina spidi kuliko zote. Tuchukue ipi jamani? Hata mstari mmoja hatujaandika.

JIBU: Salama ndugu yangu. Chukueni Laravel. Wawili kati yenu PHP mnaijua vizuri, na mfumo ukikwama usiku anayeuinua ni mtu anayejua pa kuangalia, siyo lugha.

Hiyo spidi isikusumbue. Mfumo wa miadi muda wake mwingi unasubiri databesi ijibu, kwa hiyo kwery (ombi la data) mbovu kwenye tebo isiyo na indeksi (orodha ya kutafutia haraka) itakuwa polepole tu hata uiandike kwa lugha gani. Node.js ilipotoka 2009 nguvu yake ilikuwa kuhudumia maunganisho mengi kwa mpigo, mngekuwa mnatengeneza chati ya watu maelfu wanaoandikiana papo hapo ningekujibu vingine kabisa. Na Node yenyewe siyo fremuweki, yaani kiunzi chenye vipande vya mfumo vilivyo tayari, inaendesha JavaScript kwenye seva tu, utaweka Express (fremuweki ndogo) juu yake, Express nayo haikupi kulogini wala njia ya kuongea na databesi, unaanza kuokota pakeji moja moja na kila pakeji unamwombea mwenyewe asije akaitelekeza.

Laravel vingi vimo ndani tayari. Mfano fomu, ukisahau kuweka @csrf (alama ya kuthibitisha fomu imetoka kwenye mfumo wenu) ukituma tu inakurushia kosa la 419, unajua hapohapo kuna ulinzi umeuruka. Kwa data za wagonjwa napenda sana fremuweki inayogoma namna hiyo.

Spring siyo mbaya hata kidogo, ni imara, ila mkiichukua nyie wawili mtaanza upya na dogo akipata kazi kwingine mmebaki na mfumo hamuuelewi. Heri yeye ajifunze PHP kwenu.

Kitu ambacho hamjabishania na ndo kikubwa ni matunzo. Mfano AngularJS, fremuweki ya JavaScript ya upande wa brauza, ilitoka 2010 ikapendwa kweli, 2016 ikaja Angular 2 iliyoandikwa upya, kodi (code) ya zamani haikuhamia hivihivi, na mwanzoni mwa 2022 ile ya kwanza ikaachwa rasmi. Laravel kila toleo linarekebishwa makosa miezi 18 na usalama miaka 2 basi, kwa hiyo mwambieni mteja mapema kwamba kuapdeti ni kazi ya kulipwa, iwe kwenye mkataba. Django ina matoleo ya kukaa muda mrefu, kama miaka 3, na mngekuwa watu wa Python ningewapeleka huko bila kusita.

Sasa anzeni na pale pagumu: wagonjwa wawili wanabofya saa ileile kwa daktari yuleyule kwa wakati mmoja. Msitegemee kodi iangalie kwanza kama nafasi ipo ndo ihifadhi, maana wote wawili wataikuta ipo. Wekeni yuniki (sharti la kutorudia) kwenye databesi, daktari pamoja na muda, wa pili akataliwe hukohuko na aoneshwe nafasi nyingine.