Zabibu zilinywea, kibuyu kikabaki

Swali lenu la wiki hii, "Je, picha ya vitu vya kawaida vya nyumbani inaweza kutufanya tutafakari kifo?", limenikuta na brashi mkononi hapa Dodoma. Jibu langu ni ndiyo. Ila kwangu mimi tunda linalooza haliumi sana. Kinachouma ni kile kinachobaki kizima.

Mama alifariki mwaka jana, msimu wa zabibu. Tulipoanua matanga, ndugu waligawana vitenge, mikeka na majembe yake. Mimi niliomba kibuyu chake cha maziwa. Kina ufa karibu na shingo, na ufa huo aliushona mwenyewe kwa uzi wa mkonge, mishono saba, kila tundu akilitoboa kwa msumari aliouchoma motoni. Ukikisogeza puani, bado kinanukia maziwa mgando.

Niliporudi mjini nikanunua zabibu za Hombolo, nikazilaza kando ya kibuyu, nikaanza kuchora. Siku ya kwanza zilikuwa na ule unga mweupe juu ya ganda, ukigusa tu kidole kinaacha alama. Siku ya tatu zikaanza kunywea kwenye vikonyo, na nzi wakafika. Siku ya sita, kwa upepo huu wetu mkavu, zilikuwa zimekunjamana kama ngozi ya mzee. Nilizifuta na kuzichora upya mara nne nikikimbizana nazo. Kibuyu sikukigusa hata mara moja, maana hakikubadilika. Msibani nilikuwa mkavu. Siku hiyo ya sita ndiyo nililia.

Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, kama Pieter Claesz na Harmen Steenwijck, walipanga mezani fuvu, saa na taa iliyozimika. Picha za namna hiyo huitwa vanitas, neno la Kilatini lililochukuliwa katika kitabu cha Mhubiri: "Ubatili mtupu." Nawaheshimu mno, na jinsi walivyochora mwanga ukiangukia bilauri bado najifunza kwao. Lakini lile fuvu naona linapiga kelele. Mwaka 2007 Damien Hirst wa Uingereza alitengeneza fuvu la platini akalifunika kwa almasi 8,601. Kila nikilitazama pichani naziona almasi tu, mtu simwoni. Na sisi ambao wazee wetu wamezikwa hatua chache kutoka mlangoni, fuvu litatukumbusha nini?

Aliyenifikia ni Sam Taylor-Wood, Mwingereza pia. Mwaka 2001 alipiga filamu ya dakika chache ya matunda kwenye sahani, yakioza mbele ya macho yako mpaka yanageuka ukungu mtupu. Kando yake ameweka kalamu ya plastiki, ya bei rahisi kabisa. Mwisho wa filamu kalamu iko vilevile. Macho yangu hayaondoki kwenye hiyo kalamu. Ipo tayari kuandika, na hakuna wa kuishika.

Picha yangu nimeiacha na zabibu za siku ya sita. Juzi dada alikuja kuiona. Alisimama kimya muda mrefu, akainama karibu na shingo ya kibuyu, akahesabu kwa kidole bila kugusa rangi. "Umechora sita," akaniambia. Kesho asubuhi, mwanga ukifika dirishani, naongeza wa saba.