Lori, Lami na Hesabu: Majibu kwa Maswali Yenu

Magari madogo ndiyo mengi barabarani. Mbona wahandisi wanayasakama malori tu?

Kwa sababu uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, malori yalizungushwa mfululizo juu ya vipande vya barabara vya unene mbalimbali, makusudi, ili vichakae huku vikipimwa. Humo ndimo ilimotoka kanuni ya kipeo cha nne: uzito wa ekseli ukiongezeka maradufu, madhara yanafika kama mara 16. Ekseli ya tani 8 ukiilinganisha na ya gari dogo yenye kilo 800, tofauti ni mara 10,000. Ndiyo maana msanifu hahesabu magari. Hugeuza kila ekseli kuwa idadi ya ekseli sanifu za kilonyutoni 80, yaani tani 8 na ushei.

Kipeo chenyewe hubadilika kulingana na aina ya barabara na aina ya uharibifu, kwa hiyo msikiapie. Lakini hata ukikishusha hadi 3, gari dogo bado halifui dafu.

Kompyuta inaionaje barabara?

Inaona matabaka: lami, kokoto, kifusi, kisha udongo wa asili unaochukuliwa kuwa hauna mwisho kwenda chini. Kila tabaka hupewa unene, ugumu wake (moduli), na uwiano wa Poisson, unaoeleza kitu kikibanwa kinatanuka kiasi gani pembeni. Tairi hugeuzwa duara lenye shinikizo sawa kote. Mwanahisabati Mfaransa Boussinesq alitoa hesabu ya ardhi ya aina moja mwaka 1885; mhandisi Mmarekani Burmister akaleta ya matabaka mwaka 1943. Programu nyingi za leo zinarudia kazi hiyo kwa sekunde chache.

Anayeanza huzama kwenye majedwali ya matokeo. Mimi humtaka atazame sehemu mbili kwanza. Moja ni upande wa chini wa lami. Tairi likipita, lami hupinda na upande huo huvutwa, kisha huachiwa, tena na tena, kama waya unaokunjwa huku na huku mpaka ukatike. Nyufa za uchovu kwenye lami isiyo nene sana huanzia hapo, ambapo hakuna jicho linalofika. Ya pili ni uso wa udongo wa asili: ukibanwa kupita uwezo wake hubonyea usirudi, na juu mnaona mfereji wa magurudumu.

Mvutano ule wa chini ya lami ni kitu kidogo mno; hata milimita 0.2 kwa kila mita ni mwingi. Ila maisha ya lami yanautegemea kwa kipeo cha kati ya 3 na 5. Chukua 4: ukiupunguza kwa asilimia 10 tu, lami itastahimili mapito zaidi kwa karibu nusu. Geuza hesabu hiyo, utaelewa kwa nini mkandarasi anayepunja unene kidogo anaiba miaka.

Mbona mifereji hiyo imezidi kwenye taa na vituo vya basi?

Lami ya moto hutiririka, polepole. Gurudumu linalopita mbio huikuta ngumu. Linalosimama huipa muda wa kulegea. Jua likiwa kali, ndiyo basi tena. Modeli, yaani hesabu ya barabara kwenye kompyuta, yenye moduli moja ya mwaka mzima haiwezi kuliona hilo. Ipe joto na kasi halisi.

Elementi finiti, yaani kuigawa barabara vipande vidogo vingi na kukokotoa kila kimoja, si bora zaidi kuliko hesabu ya matabaka?

Kwa nyufa, kingo za barabara na shinikizo lisilo sawa la tairi, ndiyo. Kama takwimu zako za udongo ni za kubahatisha, utapata picha za rangi tu.

Barabara yetu ilisanifiwa kwa miaka 20, imepasuka baada ya minne. Modeli ilidanganya?

Uliza kwanza ililishwa nini. Ile "miaka 20" ni idadi ya ekseli tu. Ekseli zikizidishiwa mzigo kwa asilimia 20, kila moja inahesabika kama mbili. Maji yakiingia kwenye kokoto na udongo, ugumu unashuka, na kila lori la masika linakula sehemu kubwa ya maisha yaliyobaki kuliko lile la kiangazi.

Kisha pimeni kwa kifaa cha kuangusha uzito: bamba la sentimita 30 hupigwa, na vihisi vilivyopangwa kwa umbali tofauti husoma ardhi imebonyea kiasi gani. Vya mbali vinaeleza habari za udongo wa chini. Kutokana na hapo moduli hukokotolewa kinyumenyume, na hapo ndipo pa kuwa macho, maana michanganyiko kadhaa ya moduli inaweza kutoa mbonyeo ule ule. Chimbeni vipande vya lami mpate unene wa kweli kabla ya kukokotoa. Na ripoti ikiwaonyesha kokoto tupu, zisizo na saruji, zina ugumu kuliko lami iliyopoa, irudisheni.