Binti wa Zama za Kati mpe kimea, usimpe farasi

Nilipoanza kuandika riwaya yangu ya vijana, nilimpa mpwa wangu wa kidato cha pili sura tatu za mwanzo. Kisa kiko kijijini Uingereza, miaka ya 1400. Alice anamkataa mume aliyechaguliwa na baba yake, anarukia farasi usiku, anatoroka. Asubuhi mpwa wangu akaniuliza, "Shangazi, kama anaweza kuondoka tu, shida yake ni nini?"

Nilizifuta sura zote tatu. Nikuombe nawe: kabla ya kumtorosha binti wako, jua kilichomfunga, maana hadithi imo humo humo.

Makosa ya jikoni hurekebishika haraka. Nilikuwa nimempikia Alice viazi na nyanya, mazao yaliyofika Ulaya kutoka Amerika baada ya 1492. Nikabadilisha: uji mzito wa shayiri, njegere, kabichi, vitunguu. Saa ya ukutani nikaiondoa, akasikiliza kengele ya kanisa.

Kazi ilikuwa kwenye ndoa. Mkulima asiye huru alikuwa chini ya mwenye shamba, na binti wa mkulima huyo akiolewa, mwenye shamba alidai ada iliyoitwa merchet. Abasia ya Ramsey, monasteri ya Uingereza iliyomiliki mashamba, ya Wabenedikto kama wale wa Peramiho na Ndanda, iliandika ada hizo kitabuni kuanzia 1398 hadi 1458. Nilidhani walipaji ni akina baba tu. Kumbe wamo mabinti waliolipa wenyewe, na wengine walilipia ruhusa ya kuolewa na yeyote wamtakaye!

Sasa jiulize: fedha walizipata wapi? Tauni ilipoingia Uingereza mwaka 1348 iliua watu wengi mno, vibarua wakawa adimu, ujira ukapanda hata baada ya sheria ya 1351 kujaribu kuuzuia. Tena wanawake walipika pombe ya shayiri. Pombe isiyo na hopsi, maua machungu yanayoizuia isiharibike upesi, ilichacha baada ya siku chache, kwa hiyo ilipikwa mara kwa mara na kuuziwa majirani. Sisi tuliowaona bibi zetu wakianika kimea tunaijua kazi hiyo: kuloweka, kuotesha, kukausha, na kulala macho usiku.

Basi Alice wangu hatoroki tena. Anapika, anauza, anaficha peni moja moja kwenye mfuko wa sufu. Na kwa kuwa Kanisa lilitaka bibi harusi akubali kwa kinywa chake, nimeandika ukurasa mzima akiwa amesimama mlangoni pa kanisa, baba yake nyuma, padri akisubiri jibu. Farasi hakuwahi kunipa ukurasa kama huo.

Juzi mpwa wangu alisoma hadi pale pipa la mwisho linapoanza kunuka uchachu, siku mbili kabla ya ada kulipwa. Ananitumia ujumbe kila jioni akiuliza kama pombe imeharibika. Sura hiyo bado naiandika.