Makro, mama lishe na sapu: majibu kwa waliouliza

Matokeo ya testi ya kwanza yameshabandikwa, na kama ilivyo ada msimu huu, maswali ya makro, yaani somo la uchumi wa nchi nzima, yamemiminika kuliko ya kozi nyingine yoyote. Nimechagua haya machache. Wa ekonometriksi mtanisubiri kidogo.

Shikamoo mwalimu. Nilisoma HGE (historia, jiografia na uchumi), na BAM (hesabu za msingi) niliponea chupuchupu. Wenzangu waliosoma EGM (uchumi, jiografia na hesabu) wanasema makro ni hesabu tupu. Nihame kozi? (Mwaka wa kwanza, Dodoma)

Marahaba. Usihame. Hesabu ya makro ya mwaka wa kwanza ni mlinganyo mmoja wenye herufi moja isiyojulikana, kitu ulichokimaliza sekondari. Wanaofeli wengi wanajua kukokotoa, ila hawajui wanakokotoa nini.

Tazama swali linalorudi kila mwaka. Wananchi wanatumia 100 hata wasipopata kitu, kisha 80 katika kila 100 wanayoipata. Wawekezaji wanatumia 50, serikali 50. Pato lote tuliite Y, basi Y = 100 + 0.8Y + 50 + 50. Hamisha 0.8Y, unabaki na 0.2Y = 200, na Pato la Taifa ni 1,000. Serikali ikiongeza 10, pato linafika 1,050. Wengi hupiga mstari chini ya jibu na kufunga daftari, wakati alama zenyewe ziko kwenye kipengele kinachofuata: eleza ile 40 ya ziada imetoka wapi. Imetoka kwa fundi aliyelipwa 10 akala kwa mama lishe kwa 8, mama lishe naye akanunua mchele wa 6.4, muuza mchele akaendelea hivyo hivyo.

Sasa weka kodi ya asilimia 25. Mwenye 100 anabaki na 75, anatumia 60. Ile 0.8 imekuwa 0.6, pato ni 500, na 10 ya serikali inazaa 25 tu. Ongeza dizeli na simu zinazotoka nje, fedha nyingine imevuja hapo. Ndiyo maana kizidishi cha 5 (10 ya serikali kuzaa pato la 50) hukikuti nje ya karatasi ya mtihani. Hao wa EGM watakutangulia kufika 1,050, sikatai. Wewe mshike mama lishe.

Lekchara anasema mfumuko wa bei umeshuka. Mama yangu anauza genge Mbagala, anasema bei zinapanda. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Mchele ukitoka 2,000 kwenda 2,400 kwa mwaka, hiyo ni asilimia 20. Mwaka unaofuata ukienda 2,520, ni asilimia 5. Mfumuko umeshuka kutoka 20 hadi 5, na mama yako bado ameongezewa 120 kwa kilo. Bei hushuka pale tu mfumuko unapokwenda chini ya sifuri. Halafu kuna kapu: Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima bei za vitu vingi kwa pamoja, nauli, kodi ya nyumba, mavazi, wakati kapu la mama limejaa nyanya na vitunguu. Nyanya zikipanda, kwake kila kitu kimepanda.

Mwalimu wetu anafundisha IS-LM. Kitabu kipya nilichokiona maktaba hakina LM kabisa. Nisome kipi?

Mtihani anautunga mwalimu wako, kwa hiyo anza na LM. Lakini swali lako ni zuri kuliko unavyodhani.

Mchoro huo wa pato na riba, wenye mstari wa IS wa soko la bidhaa na mstari wa LM wa soko la fedha, aliuchora Mwingereza John Hicks mwaka 1937, akijaribu kuyaweka kwenye kurasa chache mawazo ambayo mwanauchumi mwenzake Keynes alikuwa ameyatoa mwaka mmoja kabla. Uzeeni Hicks mwenyewe alipunguza imani nao, akauona kama kifaa cha darasani. LM inadhani benki kuu inashika kiasi cha fedha, na riba inajitafutia mahali pa kukaa. Benki kuu nyingi leo hufanya kinyume: zinatangaza riba, kisha zinaongeza au kupunguza fedha mpaka riba ya soko ikae karibu na ile iliyotangazwa. Ndiyo sababu vitabu vipya vimeiondoa LM na kuweka mstari wa riba badala yake.

Na hili halikutokea ughaibuni tu. Benki Kuu ya Kenya inatumia riba yake tangu 2006. Benki Kuu ya Tanzania iliendesha sera kwa kulenga kiasi cha fedha hadi mwisho wa 2023. Januari 2024 ikahamia kwenye riba, ikaanza na asilimia 5.5, ikapandisha hadi 6 Aprili mwaka huo huo, ikashusha hadi 5.75 Julai 2025. Yaani waliosoma makro kabla ya hapo walikuwa na LM inayofanana na nchi yao, nanyi mnasoma ile ile nchi ikiwa imeshahama. Kabla hujachora mstari wowote, andika pembeni kwa sentensi moja nani kaanza kufanya nini: serikali imeongeza matumizi, au benki kuu imepandisha riba? Utajua mstari upi unahama. Wanaohamisha mistari yote miwili kwa mpigo, kwa usalama, mimi huwa nawajua kabla sijasoma maelezo.

Kundi letu la asaimenti lina watu wanane, tunafanya wawili. Tuwaandike majina wengine?

Msiwaandike. Wapeni taarifa mapema, kwenye kundi lenu la WhatsApp, ibaki kumbukumbu.

Hujambo mwalimu. Kwenye CAT (jaribio la katikati ya muhula) nimeandika kwamba mchuuzi wa njugu stendi hana kazi. Nimekatwa alama. Kwa haki? (Nairobi)

Sijambo. Kwa haki, ndiyo, ingawa nakuelewa. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki ya utafiti ana ajira. Asiye na ajira ni yule ambaye hana kazi, anaitafuta, na yuko tayari kuianza. Kwetu wachache wanamudu kukaa wakitafuta tu, kwa hiyo takwimu inaweza kuonekana ndogo huku vijana wakilalamika, na wote wakawa sahihi. Ungeandika kwamba mchuuzi ana kazi ila kipato hakimtoshi na saa hazitoshi, ungepata alama zote na pengine nyongeza.

Nimekamatwa makro, nina sapu Septemba. Nisome nini kwanza, na nitapata A?

A isahau: vyuo vingi hapa, sapu, yaani mtihani wa marudio, hata uifanye vizuri vipi gredi haizidi C. Hiyo ina faida yake, unalenga kupita, hulengi kung'ara. Tafuta mitihani iliyopita ya miaka minne au mitano ya mwalimu huyo huyo, utaona kizidishi, sera ya fedha na urari wa malipo (hesabu ya fedha zinazoingia na kutoka nchini) vikirudi kwa sura tofauti. Jibu kwa kalamu, ukiwa na saa mbele yako. Usijibu kwa kusoma madesa ya mtu mwingine na kutikisa kichwa kwamba umeelewa. Na kabla ya yote, uliza idara kama kozweki yako (alama za kazi za muhula) inahesabiwa kwenye sapu au ni karatasi peke yake, maana kanuni hutofautiana kati ya chuo na chuo.