Fundi Tujibu: Spika ya koni moja, amplifaya gani?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za aina moja, nadhani kuna mzigo wa spika za fulurenji umeingia mjini Mwanza maana hadi mezani kwangu wameniletea watu watatu ndani ya wiki mbili. Kwa ambao hawajazijua, fulurenji ni spika yenye koni moja tu inayoimba kila kitu kuanzia besi mpaka matoazi, hakuna twita ya sauti za juu, hakuna ufa (ile spika kubwa ya besi), hakuna ile saketi ya kugawa sauti katikati. Haya tuanze.

*Shikamoo fundi. Mimi niko Kirumba. Binamu yangu ni baharia, kaniletea koni mbili za Fostex za inchi 8, nikaenda kwa seremala Mabatini akanitengenezea maboksi mazuri tu. Nikafunga kwenye amplifaya ya homu thieta imeandikwa wati 600. Sauti imetoka nyembamba kama redio ya simu, besi hamna, halafu juu inachoma masikio. Washkaji wa Makoroboi wananiambia hizi bila amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo za kizamani, ni kazi bure. Nimeulizia bei nikaona labda niuze pikipiki. Niuze au nirudishe spika? – Kijana wa Kirumba*

Marahaba mdogo wangu. Pikipiki usiuze, na spika usirudishe bado.

Kwanza hizo wati 600 zisahau kabisa, hizo ni za kwenye boksi la kadibodi, ukipima wati halali unaweza ukakuta hata 30 hazifiki. Lakini hata zingekuwa halali wewe huzihitaji, na hapa ndipo watu wengi wanakosea, wanachagua amplifaya kwa wati wakati walitakiwa waanze kusoma spika. Kwenye karatasi ya spika kuna namba ya desibeli, maana yake ukiipa wati 1 ukasimama mita 1 inatoa sauti kiasi gani. Spika za kawaida za sebuleni zinacheza kwenye 85 mpaka 88. Hizo za kwako za inchi 8 ziko karibu na 96. Sasa sikiliza, ili uongeze desibeli 10 lazima uzidishe wati mara 10, kwa hiyo spika ya 86 inahitaji wati 10 kufanya kile ambacho ya kwako inafanya na wati 1. Ukikaa sebuleni Kirumba na wati zako 5 nzuri jirani atakuja kugonga mlango, na muda mwingi unaposikiliza kwa utulivu hiyo spika inakula chini ya wati 1, nusu wati, robo. Kwa hiyo unachonunua kwenye amplifaya ni ile wati ya kwanza, iwe safi. Amplifaya kubwa ya bei chee mara nyingi ni mbovu hapo hapo kwenye wati ya kwanza, ina mkwaruzo mdogo na mlio wa shiiii ambavyo spika mvivu inavificha ila spika kali kama hiyo inakuanika.

Ila angalia, sio kila fulurenji ni kali. Zile za inchi 4 nyingi zinakaa 88 au 89, ukizipa wati 3 za valvu zitaishiwa pumzi mapema, tafuta 15 au 20.

Tuje kwenye besi, maana ndio kilio chako hasa. Koni za namna hiyo zina sumaku kubwa na koni nyepesi ya karatasi. Sumaku inaishika koni kwa nguvu sana, inaipiga breki, na breki inakuwa kali zaidi kule chini kwenye besi. Amplifaya za transista nazo zina ukinzani wa ndani mdogo mno, karibu na sifuri, kwa hiyo nazo zinaongeza breki juu ya breki. Matokeo ndio hayo, besi kavu, imebanwa. Amplifaya ya valvu ya kizamani isiyo na fidibeki (ile ya kurudisha sehemu ya sauti inayotoka ili ijisahihishe) ina ukinzani wa ndani wa omu 2, 3 hivi, ndiyo inalegeza breki, koni inapumua, besi inajaa. Kwa hiyo washkaji wa Makoroboi hawajakudanganya kuhusu kinachosikika, walichokosea ni kukutajia dawa ya bei ya pikipiki wakati ipo ya bei ya soda.

Dawa yenyewe ni rizista. Nenda kwa wauza spea chukua zile nyeupe za simenti, za wati 10, omu 1, omu 2 na omu 3, kila moja mbili mbili. Funga moja kwenye waya wa chanya wa kila spika, sikiliza siku mbili, badilisha, sikiliza tena. Hesabu yake ukitaka: chukua ukinzani wa koili ya spika, tuseme 7, jumlisha rizista 3 unapata 10, gawa kwa 7 ni kama 1.4. Ile namba ya breki ya umeme ya spika, Qes kwenye karatasi, unaizidisha kwa hiyo 1.4, kama ilikuwa 0.2 inakuwa karibu 0.29, hapo boksi linaanza kufanya kazi yake. Unapoteza desibeli 3 hivi za sauti na kwa spika ya 96 wala hutaziona. Rizista itapata moto ukipiga kwa nguvu kwa hiyo usiibane na sponji ndani ya boksi. Na usizidishe, ukifika omu 6 besi inaanza kuwa ya uvivu, ngoma inapigwa leo inaisha kesho, halafu na juu kule inazidi kupanda kwa sababu ukinzani wa koili yenyewe unapanda kadiri masafa yanavyopanda.

Kabla hujanunua hata hiyo rizista, sogeza maboksi karibu na ukuta. Niamini. Boksi la upana wa sentimita 30, kuanzia kwenye hezi 380 kushuka chini sauti inaanza kukimbilia nyuma ya boksi, na mwisho wa safari unapoteza mpaka desibeli 6. Ukuta unakurudishia sehemu yake bure. Na usizielekeze puani kwako, zigeuze kidogo zipite pembeni ya masikio, ule ukali wa juu utapungua.

Amplifaya sasa. Mimi ningekuwa wewe ningechukua kile kibodi, yaani bodi ndogo ya amplifaya, cha TDA7297, ni chipu moja, kwenye volti 16 inatoa wati 15 kila upande kwa spika ya omu 8, kwenye volti 12 unabaki na wati 6 hivi, zinakutosha. Au fundi mzuri akuundie ya LM1875, wati 20, trasfoma ya kweli ya chuma, hiyo ni tulivu na ina utamu wake. Weka rizista zako, kaa nayo miezi mitatu. Ukiona bado moyo unataka valvu basi nunua ukijua unachonunua: valvu ya 2A3 moja inatoa wati 3 na nusu, 300B wati 8, na zinakula umeme muda wote hata muziki ukiwa chini, uniti za LUKU utaziona zinavyoyeyuka. Usiiwashe ya valvu bila spika kufungwa, unaua trasfoma ya kutokea, ile inayokaa kati ya valvu na spika. Na ndani mna volti 300 na zaidi, zinabaki kwenye kapasita hata ukishachomoa, kwa hiyo kama wewe sio fundi usifungue, sikutanii.

Kuna mtaalamu wa Marekani anaitwa Nelson Pass, yeye aliichukua hii hoja ya kulegeza breki akaipeleka mwisho kabisa, akatengeneza amplifaya ya transista inaitwa F1 ambayo inasukuma mkondo badala ya volti, kama wati 10 tu, makusudi kwa ajili ya hizi hizi spika za koni moja. Nimeitaja ili ukiambiwa tena kwamba bila valvu haiwezekani ujue cha kujibu.

*Fundi mambo vipi. Niko Bwiru. Babu alituachia redio ya Philips ya mbao, ya valvu, imekufa siku nyingi. Nimetoa spika yake, ina koni ndogo katikati ya koni kubwa, nikaifunga kwenye amplifaya ya wati 10. Inaimba ila kwa mbali sana, mpaka uweke sikio. Ninunue amplifaya kubwa zaidi? – Mjukuu*

Poa mkuu. Usinunue kitu, chukua mita pima ukinzani wa hiyo spika. Nakubashiria utakuta mia sita au mia saba na kitu, sio 7. Philips miaka ya 50 na 60 walitengeneza redio zisizo na trasfoma ya kutokea, valvu zinaendesha spika moja kwa moja, kwa hiyo ikabidi spika yenyewe iwe ya omu 800. Amplifaya yako ya wati 10 inatoa volti 9 hivi, kwenye omu 8 ni wati 10, kwenye omu 800 zile zile volti 9 zinatoa wati 0.1. Ndio hiyo sauti ya mbali. Sio mbovu hata kidogo, na hako kakoni ka katikati ndiko kanakofanya kazi ya twita.

Ushauri wangu, rudisha spika kwenye redio na utafute mzee mmoja fundi wa valvu, hapa mjini bado wapo, aifufue nzima. Mara nyingi ni kapasita tu zimekauka. Kuitenganisha hiyo spika na amplifaya yake ni kutenganisha kinu na mchi. Ila kama mita itasoma 4 au 6 basi nimekosea mimi, ni ya kawaida, kagua waya.

*Fundi, mimi nauza samaki wa kukaanga Igombe mwaloni. Mwanangu kaninunulia spika hizo za koni moja tupige muziki wateja wasikie mpaka kwenye mitumbwi. Tuweke amplifaya ya wati ngapi? – Mama Igombe*

Shikamoo mama. Hapo hata niweke wati 500 nitakuwa nakuchomea pesa. Nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti, kila umbali ukizidi mara mbili unapoteza desibeli 6, kutoka mita 1 mpaka mita 32 zimeshaondoka 30. Kijana ataongeza sauti, na hizi koni zinatembea kidogo sana mbele na nyuma, nyingi milimita 1 tu au hata chini ya hapo. Besi ndiyo inayotembeza koni, ukishuka masafa (hezi) kwa nusu kwa sauti ile ile koni inatakiwa itembee mara 4 zaidi. Niliwahi kuazima zangu kwenye kipaimara Igoma, nikaweka amplifaya kubwa, ikapigwa singeli nyimbo mbili, ya tatu haikufika. Harufu ya koili ikiungua huisahau mama.

Mwambie mwanao hizo azipeleke nyumbani, mwaloni tafuta spika ya ufa na honi, hata ya mtumba.

*Mwangaluka fundi. Nafundisha Nansio, Ukerewe. Nina fulurenji za inchi 6 na kibodi cha TPA3116 chenye bluutuuthi, natumia sola, betri ya volti 12 na inveta. Muziki mzuri lakini wimbo ukiisha nasikia shiiii, na kama nyuki kwa mbali. – Mwalimu*

Mwangaluka mwalimu. Una kelele mbili hapo, tuzitenganishe. Nyuki ni inveta na chaja yake. Hicho kibodi kinakubali kuanzia volti 4.5 mpaka 26, unageuza umeme wa betri kuwa 230 halafu unaurudisha tena chini wa nini? Funga moja kwa moja kwenye betri, weka fyuzi ya ampia 5 karibu na betri, nyuki ataondoka. Kama bado yupo basi ni bluutuuthi, jaribu kuchomeka simu kwa waya usikilize tofauti.

Ile shiiii ni ukuzaji umezidi. Chipu hiyo inapangwa kwa rizista mbili, inakuza desibeli 20, 26, 32 au 36, na vibodi vingi vinakuja vimepangwa juu. Kwa spika kali 20 inakutosha, mpe fundi abadilishe hizo rizista mbili, ni kazi ya dakika 10 kama macho yake bado mazima maana ni ndogo kama chawa. Kitu kimoja zaidi, ncha hasi za spika za kulia na kushoto usiziunganishe pamoja wala usizipeleke kwenye hasi ya betri, kwenye hizi chipu ncha zote mbili za spika zina moto, utaua kibodi hapo hapo na kutoka Nansio kufuata kingine ni kupanda meli.